Shimo la Barabara ya Ukombozi

Ilikuwapo nchi moja, na kama wenyewe hawajamalizana basi ipo hata leo, ambayo watu wake walikuwa huru kupita watu wote duniani. Hayo si maneno yangu. Yaliandikwa kwenye noti zao, kwenye mifuko yao ya unga, na kwenye migongo ya makoti ya askari wao. Jina la nchi silitaji, kwa sababu huko kila raia ana uhuru wa kuiita nchi atakavyo, na waliobishana juu ya jambo hilo mpaka leo wanatembea kwa magongo.

Katika nchi hiyo watu hawakuamkiana kwa kuulizana habari, maana habari ni siri ya mtu. Waliulizana: "Huru?" Mwana-Niache alitoa kifua mbele akajibu: "Kukuzidi!" Mwana-Nishike alitikisa kichwa kwa huzuni akajibu: "Sote au hapana!" Hapo kila mmoja alimjua mwenzake, na kama hawakuwa wa chama kimoja waligeuziana migongo, hata kama ni daktari na mgonjwa wake.

Chama cha Niache kiliamini kwamba uhuru ni mtu kuachwa: asiambiwe, asipangiwe, asisogezwe. Chama cha Nishike kiliamini kwamba uhuru ni mtu kushikwa mkono: asianguke, asikwazwe, asiachwe nyuma. Mgeni angesikiliza pande zote mbili, angeona kila upande una chembe ya ukweli, kisha angeenda zake kulala. Wenyeji hawakulala. Katikati ya mji mkuu palikuwa na sanamu ya mwanamke aliyeinua taa. Nishike walitaka taa iwake daima ili asijikwae mtu, na Niache walisema mwanga uingiao jichoni bila kupiga hodi ni uvamizi. Basi taa ilifunikwa ndoo nusu, ikawa inawamulika popo.

Bibi Nyamizi, muuza vitumbua wa Barabara ya Ukombozi, alikuwa na jibu lake mwenyewe. Akiulizwa "Huru?" alisema, "Salama, sijui nyie." Vyama vyote viwili vilimwona mzee aliyepitwa na wakati, lakini vitumbua vyake vilinunuliwa.

*

Nyumbani kwake mlikuwa na meza ya mninga ambayo mumewe, fundi Lukelo, aliitengeneza mwaka waliooana. Watoto wao wawili walijifunza kusimama kwa kuishikilia miguu yake. Walipokua, Machumu akaingia Niache, na dada yake Siwema akaingia Nishike. Machumu akawa anakuja kula na bunduki mbili mgongoni, moja ya kulinda uhuru wake na ya pili ya kuilinda ile ya kwanza. Siwema naye alikataa kugusa tonge mpaka kila aliyeketi aeleze kwanza alivyowaumiza wenzake tangu utotoni. Ugali ulikuwa ukipoa hivyohivyo, mchuzi ukifanya utando.

Mwishowe kila mmoja, kwa wakati wake, alimwendea baba yao akamtaka aikate meza vipande viwili.

"Meza hii imekosa nini?" Lukelo alimuuliza mwanawe.

"Baba, haijakosa. Ni suala la msimamo."

"Meza ina miguu minne. Nikiikata kila kipande kitabaki na miwili, kitaanguka. Nenda ukale."

Machumu hakwenda kula, na Siwema pia hakwenda. Wakahama nyumba, mmoja mashariki ya mji, mwingine magharibi. Wazazi wakabaki wawili kwenye meza ya watu wanne.

*

Mbele ya nyumba hiyo, katikati ya Barabara ya Ukombozi, palikuwa na shimo. Lilianza dogo, la kusumbua gurudumu la baiskeli. Katika nchi nyingine shimo la namna hiyo huletewa kifusi na hadithi ikaishia hapo. Katika nchi hii Bunge liliketi.

"Kuliziba shimo," alinguruma Mheshimiwa Kifuambele, kiongozi wa Niache, "ni kumnyang'anya raia haki ya kuamua mwenyewe kama ataanguka! Serikali inayoziba mashimo leo, kesho itatuziba vinywa!" Wabunge wake walipiga meza, na wenye furaha zaidi walipiga risasi darini.

Profesa Mwafaka, kiongozi wa Nishike, alisimama akiwa na machozi tayari. Alisema shimo lazima lizibwe, tena haraka, mara tu itakapoundwa tume. Tume imsikilize kila aliyewahi kuanguka, na kila aliyewahi kuogopa kuanguka. Zaidi ya hayo, neno "shimo" lisitumike tena, kwa kuwa linatonesha vidonda. Yeye alipendekeza "eneo lenye kina." Tume ikaundwa, ikabishana juu ya neno "kina," na ilipofikia mwafaka shimo nalo lilikuwa limefikia kimo cha mtu.

Fundi Lukelo hakuwa mbunge. Alipeleka toroli la kifusi akakamatwa na vijana wa Niache kwa kosa la kushambulia hiari za watu. Alipotoka akapeleka toroli jingine, akakamatwa na akina dada wa Nishike kwa kosa la kuziba bila kushirikisha. Kifusi kilichobaki akakirundika nyuma ya karakana yake. Kisha akashika desturi ambayo kila dereva anaijua: akakata matawi ya mwarobaini akayalaza barabarani huku na huku, kama watu wafanyavyo lori likiharibika, ili anayekuja apunguze mwendo.

Matawi hayakukaa. Vijana wa Niache waliyatupa wakisema mtu huru haamrishwi na majani. Siku ambazo Niache hawakupita, Nishike waliyaondoa kwa upole, wakawaomba radhi wote ambao uchungu wa mwarobaini unawakumbusha homa za utotoni. Kila asubuhi Lukelo alikata mengine.

"Utaumaliza mti," mkewe alimwambia.

"Watachoka wao kutupa kabla mimi sijachoka kukata."

Alikuwa fundi hodari wa vipimo, lakini hapo alipima vibaya.

*

Siku yenyewe Nyamizi alikuwa amekwenda mashineni kusaga mchele wa vitumbua. Lukelo alikuwa anainama kulaza tawi, likaja lori kwa kasi. Dereva wake alikuwa huru, na breki zake pia. Lukelo akarudi nyuma, akakosa ardhi, akaangukia shimoni na tawi lake mkononi. Nyonga ikavunjika, na jiwe la chini likampasua ubavuni.

"Jamani, nisaidieni!" aliita.

Watu walikuja. Asiwadanganye mtu kwamba hawakuja, kwani watu wa nchi ile ni wepesi sana wa kuja. Wana-Niache walisimama ukingoni wakavua kofia. Walieleza kwamba kumvuta mtu mzima ni kumdhalilisha, na kwamba mzee huyu apewe nafasi apande kwa nguvu zake. Wakamshangilia. "Panda, mzee, panda! Huru?"

"Ninakufa, nipeni mkono!"

"Amejibu 'Kukuzidi,'" mtangazaji wa redio yao aliwaambia wasikilizaji, na huko majumbani watu wakapiga vigelegele.

Wana-Nishike walifika wakilia, na machozi yao yalikuwa ya kweli, hilo tusiwanyime. Walishikana mikono kulizunguka shimo, wakafanya duara zuri ajabu, wakaimba. Na kwa kuwa kila mkono ulikuwa umeshika mwingine, haukubaki hata mmoja wa kumpa mzee. Mzee aliwatazama kutoka chini, akatazama mikono ile yote.

Gari la zimamoto nalo lilikuja, na ngazi. Kwa bahati mbaya ngazi ilikuwa imeandikwa "Panda kwa uangalifu." Niache walisema hiyo ni amri. Nishike walisema hiyo haitoshi, iandikwe na pole. Ngumi zikarushwa, ngazi ikarudishwa garini, gari likaondoka likipiga king'ora.

Nyamizi alitokea na ndoo ya unga kichwani. Aliuona umati, akaona tawi moja tu barabarani, akajua. Akaitupa ndoo, akalikata lile duara la mikono kwa kiwiko, akateremka shimoni akiparuza udongo kwa kucha. Mumewe alikuwa bado na pumzi kidogo.

"Nyamizi," alisema. "Nizike leo. Wakikuchelewesha, kesho. Lakini wasinisomee hotuba."

"Usiseme hivyo, baba Machumu. Nakutoa."

"Hotuba hapana," alisema tena, na hayo yakawa maneno yake ya mwisho.

Nyamizi alipiga yowe, na yowe lile halikusikika mbali, kwa sababu juu yake redio mbili zilikuwa zimeshaanza kutangaza. Moja ilisema fundi Lukelo amekufa akiwa huru. Nyingine ilisema ameuawa na ukosefu wa uhuru. Maiti ikatolewa upesi. Kwa maiti mikono ilipatikana mingi, ikasukumana, kila mmoja akitaka apigwe picha akiwa ameshika walau kidole cha mguu.

*

Kufa kufaana. Kabla ya jioni viongozi wote wawili walikuwa sebuleni kwa Nyamizi, na marehemu amelala chumbani. Bwana Ngwali, muuza samaki wa jirani, alikuwa ameleta barafu yake yote akaizungushia maiti, bila kuuliza mtu ni wa chama gani. Joto lilikuwa kali na barafu ilikuwa ikiyeyuka.

Hapo ndipo Nyamizi alipokumbushwa kuwa lango la makaburi ya mji lilikuwa na kufuli mbili, moja ya kila chama, maana hata waliokufa waligombaniwa.

"Mama, mumeo alikuwa simba," alisema Mheshimiwa Kifuambele. "Aliingia shimoni kwa hiari yake, akakataa msaada. Sema hivyo mbele ya redio, na kufuli yangu iko wazi sasa hivi."

"Aliomba msaada. Aliwaita mpaka sauti ikakauka."

"Alikuwa anatangaza msimamo."

"Alikuwa anatangaza nyonga, Mheshimiwa. Ilivunjika."

Profesa Mwafaka alimshika Nyamizi bega, akaliminya kidogo. "Sisi hatukuwekei masharti, mama. Tunaomba tu marehemu asubiri mpaka lifanyike kongamano la maombolezo shirikishi. Kila aliyeguswa na eneo lenye kina apate nafasi ya kusema."

"Profesa, maiti inaharibika."

"Naisikia hasira yako, mama. Naithamini."

"Usiithamini. Fungua kufuli."

Hakuna aliyefungua. Hata mmoja wao angefungua, ya pili ingebaki, na wote wawili walilijua hilo walipokuwa wakinywa chai yake.

Watoto nao walikuja. Machumu alisimama mlangoni upande huu, Siwema upande ule. Machumu alimsihi mama akubali upande wake, kwamba ni heshima kubwa kwa familia, bendera itapepea nusu mlingoti. Siwema akasema baba atapewa siku maalumu katika mwaka.

"Baba yenu hajaoshwa," Nyamizi aliwaambia. "Maji yapo ndani. Ingieni mmwoshe."

Machumu alitazama bunduki zake, kana kwamba hakujua aziweke wapi. Siwema alianza kulia, akasema hayuko tayari kuwa chumba kimoja na silaha. Kisha wote wakakumbuka kwamba wana mkutano wa kesho wa kuandaa. Mama yao akabaki amesimama na taulo mkononi. Hakuwahi kuwalaani wanawe, na siku ile hakuwalaani.

*

Kesho yake mji mzima ulikwenda kumwomboleza Lukelo, nusu katika uwanja wa mashariki, nusu katika uwanja wa magharibi. Kwa kuwa mwenye maiti alikataa kuitoa, kila chama kilijitengenezea jeneza. La Niache lilikuwa la chuma, limepambwa kwa risasi. La Nishike lilikuwa la kioo, ili kusifichwe kitu. Ndani ya lile la chuma hamkuwa na mtu. Ndani ya lile la kioo vilevile hamkuwa na mtu, na watu walimiminika kumtazama wakizimia. Kifuambele alihutubia. Mwafaka alihutubia. Machumu alihutubia huku, Siwema alihutubia kule, kila mmoja akisema baba alimwachia yeye wosia.

Mtu aliyeomba asisomewe hotuba alisomewa hotuba tangu asubuhi hadi jua la utosi, na bado ziliendelea.

Nyamizi alitoka mlangoni akatazama Barabara ya Ukombozi. Haikuwa na mtu wala gari. Palikuwa na shimo tu.

"Bwana Ngwali," aliita. "Kaburi lipo."

"Lipi hilo, dada yangu?"

"Lilichimbwa zamani. Bunge zima limelichimba."

Ngwali alitazama alikoonyeshwa, akavua kanzu yake akabaki na fulana. Walikuwa watu wachache: yeye, wanawake wawili waliokuwa wamemwosha marehemu, na mwenye mashine ya kusaga. Waliipindua meza ya mninga miguu juu, wakamlaza Lukelo ndani yake akiwa na sanda yake, wakambeba hivyo hadi barabarani. Wakamteremsha polepole. Kisha Ngwali akaing'oa miguu ya meza, na ule ubao mpana wakamfunika nao asiguswe na kifusi. Ulitosha vizuri. Fundi alikuwa ameutengeneza kwa watu wanne.

Kifusi kilikuwa palepale nyuma ya karakana, na toroli lilikuwepo. Waliomba dua kwa midomo iliyofumbwa. Kutoka mashariki vipaza sauti vilikuwa vikilia "Kukuzidi!" na kutoka magharibi "Sote au hapana!" na kelele zile mbili zilikutana juu ya vichwa vyao zikawa kelele moja. Walipoinua macho, jua lilikuwa bado halijapungua ukali, na barabara ilikuwa tambarare.

Nyamizi hakulia. Alishikwa na hasira, kwa sababu aliiona kazi iliyomuua mumewe ilivyokuwa ndogo. Watu watano na toroli, nao walikuwa wamemaliza kabla ya chai ya alasiri. Aliokota jiwe akataka kulirusha, lakini hakukuwa na mtu wa kumrushia. Wote walikuwa wanaomboleza.

*

Waombolezaji waliporudi wakakuta shimo halipo, nchi ilitikisika. Bunge liliitwa kwa dharura. Kifuambele alisema haki ya kuanguka imeporwa mchana kweupe. Mwafaka alisema kumbukumbu ya walioanguka imefukiwa bila hata kuulizwa. Walipomaliza kusema, walitazamana, wakagundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu taifa liundwe walikuwa wamesema kitu kimoja. Wakakumbatiana. Wabunge walilia, kengele zikalia, sanamu ikaondolewa ndoo kwa saa nzima. Azimio likapita bila kupingwa: shimo la taifa lichimbuliwe. Na kwa kuiheshimu familia, makoleo wapewe watoto wa marehemu.

Walimkuta Nyamizi ameketi juu ya kaburi, kwenye kigoda chake cha kukaangia vitumbua, na matawi mabichi ya mwarobaini mapajani. Umati ulikuwa mkubwa kuliko siku ya shimoni. Machumu alikuwa na koleo, Siwema alikuwa na koleo, na makoleo yote mawili yalikuwa mapya yanang'aa.

"Mama, sogea," Machumu alisema.

"Kwa hiari yako, mama," Siwema aliongeza. "Hatutaki kukulazimisha. Ila usiposogea, hawa watakusogeza."

Nyamizi aliwatazama wanawe wawili wakiwa wamesimama bega kwa bega, jambo ambalo hakuliona tangu waihame nyumba. Akawauliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu maishani mwake.

"Huru?"

"Kukuzidi," Machumu alijibu kabla hajajua kwamba amejibu.

"Sote au hapana," Siwema alijibu papo hapo.

"Haya, chimbeni, wanangu." Aliinuka, akabeba kigoda chake. "Chimbeni kwa bidii. Chini mtaikuta meza. Baba yenu hakuikata, anawasubiri chini yake. Mkiifikia, kaeni mle ugali."

Kisha akawapa mgongo, akalaza tawi moja upande huu wa kaburi na jingine upande ule, akatulia kando ya barabara.

"Chimbeni!" Kifuambele aliamuru. "Mkiwa tayari kimoyo," Profesa alirekebisha, na sauti yake haikuwa na nguvu. Machumu alikuwa akiutazama udongo. Siwema alikuwa ameushika mpini kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akiushika mguu wa meza alipokuwa anajifunza kusimama. Hakuna koleo lililogusa chini.

Kutoka upande wa mashineni likaja lori limejaa magunia, linakuja kwa kasi. Watu wakatawanyika wakipiga kelele, Niache na Nishike wakikanyagana. Dereva aliliona tawi. Akapunguza mwendo, akapita pembeni taratibu, akatoa mkono dirishani akampungia yule mama aliyesimama kando ya barabara.